Taa Huhesabu Kilomita, Haiuoni Mkanda



Juma hili naomba tuzungumzie jambo ambalo huenda wengi hawatarajii kulikuta katika ukurasa wa paroko, nalo ni mkanda wa mpira uliomo ndani ya injini ya gari la parokia. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, baada ya Misa na hata njiani, kwa nini mwezi Septemba mwaka 2024 Kamati ya Fedha iliidhinisha matengenezo ya gari ambalo halikuwa limeharibika, tena katika mwaka ambao kila familia ilikuwa imekwisha kuchangia paa la kanisa. Swali hilo ni la haki. Aliyetoa shilingi yake baada ya kuuza debe la viazi ana haki ya kujua ilikokwenda, na jibu la "mafundi walisema" halimtoshi. Basi nitaeleza jambo lenyewe, jinsi tulivyobishana, na kwa nini tuliamua tulivyoamua.

Gari letu ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1999, ile ya kazi yenye mabenchi mawili nyuma. Injini yake ni ya dizeli aina ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, na sifa yake ya uvumilivu inajulikana katika barabara zote mbaya za nchi yetu. Ndani ya injini hiyo pistoni hupanda na kushuka zikizungusha kranki iliyo chini. Juu yake ziko valvu zinazofunguka ili hewa iingie, na nyingine zinazofunguka ili moshi utoke. Valvu hizo husukumwa na kemishafti, na utaratibu ni mmoja usiobadilika: kranki ikizunguka mara mbili, kemishafti huzunguka mara moja. Kinachoziunganisha hizo mbili ni mkanda wa mpira wenye meno, ulioimarishwa kwa nyuzi ndani yake, ambao mafundi wetu huuita mkanda wa taimingi. Katika injini hii mkanda huohuo huizungusha pia pampu inayosukuma dizeli kwenye silinda.

Mkanda huo ukikatika, au ukiruka meno kadhaa, mapatano kati ya juu na chini huvunjika. Pistoni hupanda wakati valvu bado iko wazi, na katika injini za dizeli nafasi iliyopo hapo ni ndogo mno. Vyuma hugongana, valvu hupinda, na pistoni zenyewe zaweza kuumia. Injini huzimika papo hapo, na dereva hubaki na usukani uliokuwa mwepesi na sasa umekuwa mzito. Breki nazo, zikikosa msaada wa injini, baada ya kukanyagwa mara chache hudai nguvu za mguu mzima. Jambo hilo likitokea uwanjani ni hasara. Likitokea kwenye mteremko, huku nyuma wameketi watu kumi na mgonjwa amelazwa katikati yao, ni jambo jingine kabisa.

Ugumu wa mkanda huu ni kwamba haulalamiki. Tairi likiisha kila mtu huliona. Breki zikiisha huanza kulia, na oili ikivuja huacha doa chini. Mkanda wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko, na mara nyingi hufanya kazi yake vizuri hadi dakika ile ya mwisho. Kwa sababu hiyo watengenezaji hawakungoja mkanda useme, bali waliweka kipimo. Kwa injini nyingi za dizeli za Toyota za kizazi hicho kipimo kilikuwa kilomita 100,000, na kwenye dashibodi waliweka taa ndogo yenye maandishi T-BELT, inayowaka kilomita hizo zinapotimia ili kumkumbusha mwenye gari.

Nilipohamia parokia hii mwaka 2023 nililisoma jalada la gari lote. Linaonesha kwamba gari lilinunuliwa mwaka 2013, likiwa limekwisha kutumika kwingine, nalo lilikuwa na kilomita 118,000. Zimo risiti za tairi, za oili, za springi na za betri. Karatasi ya mkanda wa taimingi haimo. Taa ya T-BELT ilikuwa imezimika tangu siku gari lilipofika, jambo lililoonesha kwamba kwenye kilomita 100,000 kuna mtu aliyeizima. Je, mtu huyo aliubadilisha mkanda kwanza, au aliizima taa tu? Katika magari ya namna hii taa hiyo huzimwa kwa mkono wa fundi. Yenyewe huhesabu kilomita peke yake, wala haina jicho la kuuona mkanda. Inawezekana kabisa kuizima na kuuacha mkanda wa zamani mahali pake.

Mwezi Agosti mwaka 2024 dashibodi ilisoma kilomita 193,000. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Ama mkanda ulibadilishwa kwenye 100,000, na sasa ulikuwa umetembea kilomita 93,000 kwa miaka zaidi ya kumi na mmoja, ama haukuwahi kubadilishwa kabisa, na ulikuwa umebeba kilomita zote 193,000. Nililipeleka suala hilo katika Kamati ya Fedha, kwa maana gari si la paroko. Kanuni ya 537 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na kamati hiyo, na kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa waitunze kama mzazi mwema anavyotunza mali ya nyumba yake, isipotee wala isiharibike mikononi mwao.

Mama Mhazini alizungumza wa kwanza, naye alizungumza kwa hesabu. "Baba Paroko," alisema, "gari letu hutembea kama kilomita elfu saba kwa mwaka. Zimebaki elfu saba hadi taa iwake. Tuna mwaka mzima. Watu wamechoka kuchangia. Tumalize paa, mwakani tutengeneze gari." Wajumbe kadhaa waliitikia kwa vichwa, na sikuona ubaya wowote katika maneno yake. Mama huyu ndiye anayekwenda jumuiya kwa jumuiya na daftari lake, ndiye anayeyaona macho ya watu wanapoombwa tena. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilisimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha, yaani kwamba mkanda ulibadilishwa kwenye 100,000.

Katekista wetu mkuu alijibu kwa upole kwamba mpira hauhesabu kilomita peke yake. Huzeeka pia kwa miaka, kwa joto, kwa vumbi, na kwa oili inayovuja taratibu. Gari la kijijini hupanda milima kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikizunguka sana na kilomita zikiongezeka kidogo. Kisha akataja jambo ambalo lilitunyamazisha sote: kwamba mvua zetu za nyanda za juu kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kwamba katika miezi hiyo gari la parokia ndilo gari pekee linalofika katika vigango vitatu vya ng'ambo ya mto. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku katika kigango cha mbali kabisa, kilomita 46 kutoka hapa, simu hupigwa kwa katekista, na katekista humwamsha dereva.

Yupo mjumbe mmoja aliyependekeza, nadhani kwa nusu ya mzaha, kwamba taa ikiwaka tumwombe fundi aizime ili tupate muda zaidi. Watu walicheka. Hata hivyo nilimshukuru, maana alitaja kwa sauti jambo ambalo huenda lilikwisha kufanywa mara moja na mtu tusiyemjua, na ambalo sasa sisi ndio tuliokuwa tumelirithi.

Tulikubaliana kanuni moja ambayo naona inafaa kwa kila mwenye gari lililonunuliwa mkononi mwa mwingine: kazi isiyo na ushahidi ihesabiwe kuwa haikufanyika. Ushahidi waweza kuwa risiti. Katika magari yaliyotoka Japani waweza kuwa kibandiko chenye tarehe na kilomita, ambacho mafundi wa huko huwa na desturi ya kukibandika karibu na injini baada ya kubadilisha mkanda. Sisi hatukuwa na risiti wala kibandiko. Hivyo swali la "lini" lilipata jibu: kabla ya mvua, na kabla gari halijafanya safari nyingine ndefu.

Swali la "wapi" lilichukua muda mrefu zaidi. Mjumbe mmoja mwenye nia njema alitaka gari lipelekwe Dar es Salaam kwa wakala rasmi, ambako vifaa ni halisi na kazi huandikiwa hati. Lakini kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 700, na njiani upo mlima Kitonga, ambao kila aliyewahi kuuteremka nyuma ya lori lililosheheni anaujua. Kulipeleka gari lenye mkanda wa mashaka hadi huko ni sawa na kumwambia mgonjwa wa moyo atembee kwa miguu hadi hospitali kubwa kwa sababu ndiyo yenye daktari bora. Safari yenyewe ilikuwa ndiyo hatari tuliyotaka kuiepuka.

Pili, zilikuwapo gereji za Njombe mjini, umbali unaovumilika. Tatu, alikuwapo fundi wetu wa hapa sokoni, mzee ambaye amezitengeneza dizeli tangu ujana wake na ambaye ni mwanajumuiya mwenzetu. Hapa ndipo palipokuwa na ugumu ambao haukusemwa waziwazi. Kumpita fundi wa nyumbani ni kumvunjia heshima mbele ya kijiji kizima. Kumpa kazi kwa sababu tu ni wa nyumbani ni kuyaweka maisha ya abiria chini ya haya zetu. Wote wawili, fundi na abiria, ni watu wetu. Niliiomba kamati isiamue kwa kumwonea haya wala kwa kumdharau, bali twende tukamwulize.

Tulikwenda watatu. Nilimsalimu, akanikaribisha kwenye kigoda chake, nami nikamweleza shida yetu na kumwuliza angeifanyaje kazi hiyo. Alijibu bila haraka. Angeondoa kifuniko, angezungusha injini kwa mkono hadi alama za kranki, za kemishafti na za pampu ya dizeli zikae mahali pake zote tatu, ndipo autoe mkanda. Angebadilisha pia rola ya kukazia pamoja na springi yake, kwa kuwa rola iliyochoka huua mkanda mpya. Angezikagua sili za oili. Kisha, baada ya kufunga, angeizungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuzitazama alama upya, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo. "Mashine ikigoma mkononi mwangu nitasikia, Baba," alisema. "Ikigomea stata, mtasikia ninyi nyote."

Nikamwuliza kuhusu vifaa. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo kwangu yalimaliza mjadala: "Mkanda unaouzwa hapa sokoni siwezi kuuthibitisha. Boksi ni zuri, lakini boksi huchapwa popote. Naomba mwagize kwa wakala, kwa namba ya injini na ya chasisi, mimi nitafunga. Na kama mkileta wa sokoni, samahani, sitafunga." Mtu anayekataa fedha kwa sababu hana hakika na kifaa, huyo waweza kumkabidhi injini. Ninasema hivyo nikiwakumbuka mafundi wengi hodari walioko vijijini mwetu ambao hawana vyeti ukutani. Cheti ni kitu chema. Hata hivyo, anayejua mpaka wa ujuzi wake na kuusema mbele ya mteja ana sifa ambayo cheti hakiwezi kuitoa.

Basi tukaligawa jambo. Vifaa viliagizwa Dar es Salaam kwa wakala na kuletwa kwa basi, pamoja na risiti. Kazi ilifanyika hapahapa, gari likisukumwa tu kutoka uwanja wa kanisa hadi gereji. Vijana wa kwaya walilisukuma kwa nyimbo. Lilifika jioni, na dereva wetu alitamani kazi ianze mara moja. Fundi alikataa. Alisema alama hizo ni ndogo, na kazi hii haifanywi kwa mwanga wa simu. Akafunga mlango, akaanza asubuhi.

Kifuniko kilipotolewa nilikuwapo, pamoja na Mama Mhazini. Mkanda ulikuwa na nyufa nyembamba kwenye mashina ya meno, maandishi yake yalikuwa yamefutika kabisa, na ukingo mmoja ulikuwa umelowa oili iliyovuja kwenye sili ya kemishafti. Fundi aliukunja kidogo kati ya vidole vyake na nyufa zikafunguka kama midomo. Mama Mhazini aliutazama kwa muda mrefu. Kisha alifungua daftari lake na kuniuliza, "Sili nayo ni kiasi gani?" Ikaongezwa. Mkanda ule wa zamani hakuutupa, aliuchukua na kuuonesha katika jumuiya alizokwenda kutoa taarifa ya fedha, na nimeambiwa kwamba haikuhitajika hotuba.

Kwa ninyi wenye magari yenu, niongeze machache yenye kufaa. Si kila gari lina mkanda huu. Magari mengi madogo mliyo nayo, kama Toyota IST zenye injini za 1NZ na 2NZ, hutumia cheni ya chuma, nayo hudai zaidi oili safi inayobadilishwa kwa wakati. Noah na RAV4 za zamani zenye injini ya 3S-FE zina mkanda. Baadhi ya injini za petroli zimeundwa kwa namna ambayo mkanda ukikatika gari huzimika bila valvu kugongana na pistoni, lakini dizeli msizitegemee kwa huruma hiyo. Ulizeni aina ya injini yenu, someni kitabu cha gari, na msisahau kwamba kipimo kina kilomita na kina miaka pia. Katika injini nyingi pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Kama ndivyo ilivyo katika gari lako, ibadilishwe wakati kifuniko kiko wazi, maana kukifungua mara ya pili ni kulipa kazi ileile mara mbili. Mwombeni fundi awape mkanda wa zamani mikononi mwenu. Na siku hiyohiyo andikeni tarehe na kilomita, ili atakayelinunua gari hilo baada yenu asibaki akikisia kama tulivyokisia sisi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mara nyingi tunayasoma maneno hayo kwa habari ya mambo yanayoanza. Naona yanahusu pia mambo yanayoendelea, yale yanayozunguka kila siku nyuma ya kifuniko na ambayo hakuna anayeyapigia makofi. Paa jipya kila mtu huliona akiingia kanisani. Mkanda mpya hauonekani, na ukifanya kazi yake vizuri hakuna atakayejua kwamba ulikuwapo.

Mwezi Agosti mwaka 2025 gari lilitimiza kilomita 200,000 njiani kurudi kutoka kigangoni, na taa ya T-BELT ikawaka kama ilivyopangwa na walioiweka. Abiria mmoja alishtuka na kumwomba dereva asimame. Dereva alimweleza kwamba mkanda ni mpya, una kilomita 7,000 tu, bali taa haina habari hiyo. Kesho yake fundi aliizima, safari hii kwa haki, na chini ya maandishi ya mwaka 2024 katika jalada aliandika tarehe, kilomita na sahihi yake. Mkanda ufuatao utabadilishwa kwenye kilomita 293,000, au mapema zaidi miaka ikitangulia. Huenda paroko atakuwa mwingine na mhazini mwingine. Jalada litawaambia.

Nawatakieni nyote Dominika njema na safari salama.

Wenu katika Kristo,
Paroko